Kadi ya Tisa

Baba Chie, nikuulize mbele za watu, maana ningekuuliza tukiwa wawili ungekohoa ukaangalia saa: ile kadi yangu ungeitanguliza mbele ya kadi ya mawigi, nini kingeharibika?

Mwaka umezunguka tangu ulipotutoka, asubuhi ya tarehe tisa Februari, theluji nyepesi ikianguka juu ya paa la hospitali na kuyeyuka kabla haijakaa. Leo nimekuwekea wali wa moto na chai mbele ya picha yako, na magimbi kwa ngisi kwenye kile kibakuli cha buluu chenye ufa. Niliapa sitapika magimbi kwa ngisi tena maishani mwangu. Nimepika. Kula polepole, sasa huna haraka.

Wengi wanaosoma hapa gazetini hawakukujua, kwa hiyo nianzie mbali kidogo. Nisamehe. Najua hukupenda mtu aanzie mbali.

Mwaka 1957 baba yako alikuachia ghala la viatu vya mti pale Temma, watu wa Osaka wakiwa wamekwisha hamia kwenye viatu vya ngozi. Ndugu zako walisema uza. Wewe uliingia ndani, ukapiga makofi mara moja kusikiliza mwangwi, ukaniambia, "Toyono, hapa tutatengeneza televisheni."

Nikakuuliza, "Tutaunda sanduku?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi. "Si sanduku, mke wangu. Vinavyoonekana ndani yake."

Mtaani kwetu sanduku lenyewe lilikuwa moja, kwa kinyozi, na watu walikwenda kunyolewa hata nywele ambazo hazijaota.

Hivyo ndivyo Kampuni ya Picha ya Kitabata ilivyoanza. Tulitundika magodoro ya pamba ukutani ili sauti isirudi. Tulibandika ratiba ya tramu mlangoni, maana kila ilipopita taa zote zilitikisika. Kiangazi nyenje walikuwa wakilia juu ya mti wa jirani, na kabla ya kila mazoezi mtu alitoka na mwanzi mrefu kuwafukuza. Nyenje walikuwa wakihama upande mmoja wa mti kwenda upande wa pili. Wewe ulipima hata hilo. Ukasema wana dakika sita za kimya, tufanye kazi.

Ile saa yako ya kubonyeza, ya kupimia wakimbiaji, ilikuwa shingoni mwako mchana na usiku. Ulipima mayai yakichemka. Ulimpima mama yangu akisimulia habari za goti lake. Siku ya mazishi ya mama yako mwenyewe nilikuona ukiingiza mkono ndani ya vazi jeusi na kubonyeza, mtawa alipoanza kusoma sala. Baadaye ulininong'oneza, "Dakika ishirini na mbili. Ana pumzi yule." Nami nilikuwa nalia, nikacheka, nikaonekana mkwe asiye na adabu.

Ulikuwa mtu mwema, lazima niseme, hata leo nilivyokasirika. Hukumpigia mtu kelele. Fundi wetu wa taa alipopata habari kwamba mkewe ameshikwa na uchungu, ilibaki robo saa tuingie hewani, ukamwambia, "Nenda, mtoto hangoji." Taa yake ukaishika wewe mwenyewe mpaka ngozi ya kiganja ikatoka. Ulikula wa mwisho sikuzote, umesimama, wali baridi uliomwagiwa chai. Kama chakula hakikutosha ulisema umeshiba. Nilikuwa nakujua, ulikuwa huna shibe yoyote.

Sasa nifike kwenye kipindi.

Mwaka 1959 watu walinunua televisheni kwa wingi ili waone harusi ya mwana wa mfalme, na ilipokwisha harusi wakabaki na masanduku yao wakiuliza, je, sasa tutazame nini? Kituo kikatupa nusu saa kila Ijumaa jioni. Ukatunga mchezo ukauita "Jirani wa Ukuta Mmoja", habari za nyumba mbili zilizopakana, zikisikiana kila neno. Wenye kiwanda cha mchuzi wa soya wakadhamini. Sharti lao lilikuwa moja: kila Ijumaa mchezo uishie mezani, watu wanakula, mvuke unaonekana.

Mvuke wa kweli unataka chakula cha kweli. Ukanigeukia.

Basi kila Ijumaa, miaka sita, vipindi mia tatu na vinne, nilipakia sufuria zangu kwenye mkokoteni wa baiskeli pamoja na mapazia na mawigi, tukaenda studio ya kituo. Nilipikia nyuma ya mlango wa karatasi wa jukwaa, kwenye jiko la mkaa, huku waigizaji wakisema maneno yao hatua tatu kutoka nilipo. Kila kitu kilikuwa mubashara. Kikianguka kimeanguka. Nilijifunza kukata vitunguu bila kisu kugonga ubao. Nilijifunza kukohoa tramu inapopita.

Na ni mimi niliyeandika majina. Hilo nalo wasomaji walijue. Nilisoma shule ya msingi tu, tena nusu ya miaka ile tulilima viazi uwanjani kwa sababu ya vita, lakini mwandiko wangu wa brashi mwalimu aliusifu. Nilichukua kadi nyeusi, nikaandika kwa rangi nyeupe. Kadi ya kwanza jina la mchezo. Ya pili Mzee Ranzo, mchekeshaji wa jukwaani aliyecheza baba. Ya tatu Bi Hatsue, aliyecheza mkewe. Kisha mtunzi, kamera, taa, muziki. Ya nane: Mawigi, Tokuda. Ya tisa: Chakula, Kitabata Toyono.

Kadi ziliwekwa kwenye stendi mbele ya kamera, na mwisho wa mchezo zikapandishwa kwa mkono moja baada ya moja. Saa moja na dakika ishirini na tisa na sekunde arobaini na tano kituo kilikata kwenda kwenye chupa ya mchuzi wa soya, uwe umemaliza, uwe hujamaliza.

Na sisi hatukumaliza. Ijumaa hata moja hatukumaliza! Kadi ya nane ikipita, inaingia chupa. Ya tisa hakuna aliyeiona.

Ulijua sababu, na mimi nilijua. Sababu ilikuwa chakula changu. Mzee Ranzo aliishi peke yake chumba cha kupanga huko Tengachaya, na juma zima alikula tambi za kibandani. Ijumaa akiona magimbi yangu anasahau kwamba yuko kazini. Maandishi yalisema ale vipande vitatu, aseme "Nyumbani ni nyumbani", basi. Yeye alitafuna. Ngisi si kitu cha kumeza. Alitafuna huku taifa zima likimtazama, macho ameyafumba, na wewe huko juu chumba cha vioo unakunja vidole: tano, nne, tatu.

Nikasema, nitampikia tofu laini ya soya, haitafunwi. Akaimaliza upesi kweli, kisha akanyoosha bakuli kwa Bi Hatsue akasema, "Mama, niongezee." Mbele ya kamera. Haikuwa kwenye maandishi. Bi Hatsue afanye nini? Akaongeza.

Nilipokutajia habari ya kadi, nilikuwa naitaja kwa mbali. Nilisema, "Kadi ni tisa, ee?"

Ukasema, "Nane zikipita ni bahati."

Wiki nyingine nikasema, "Tokuda jina lake linaonekana vizuri."

Ukasema, "Umeliandika vizuri."

Safari moja niliiondoa kadi yangu mwisho nikaipachika ya nane, nyuma ya muziki, Tokuda nikamweka nyuma yangu. Kwenye mazoezi uliona. Ulishuka ngazi, ukaichomoa, ukairudisha nyuma ya Tokuda, ukaipapasa kwa kiganja kama mtu anayemlaza mtoto. Njiani, ukisukuma mkokoteni, ndipo ulipofungua kinywa: "Wa nyumbani hatajwi kabla ya mgeni, Toyono. Watu watasema Kitabata anamtembeza mkewe. Wiki ijayo tutawahi."

Wiki ijayo. Na Tokuda mwenyewe ana kipara kama yai!

Sasa niungame mbele ya watu. Ile Ijumaa ya Novemba, mwaka wa tatu wa kipindi, watu walidhani mkono uliniteleza. Haukuteleza. Niliweka chumvi viganja viwili kwa makusudi. Nilisema Mzee Ranzo ataonja, atashindwa, atasema "Nyumbani ni nyumbani" upesi aweke vijiti chini, na tutabakiwa na sekunde kumi nzima.

Nilichungulia kwenye tundu la mlango. Akaingiza gimbi mdomoni. Shavu likasimama. Akamgeukia Bi Hatsue taratibu.

"Mke wangu," akasema, "bahari yote umeimimina humu, au umewabakizia samaki kidogo?"

Bi Hatsue alikulia jukwaani, hakutishika. "Chumvi imenizidi kwa sababu ya machozi. Nimeolewa na wewe."

"Basi nipe maji nisife."

"Kisima kiko nje. Miguu unayo."

"Na nikifia kisimani?"

"Utakuwa umejikosha kabisa, nitapunguza kazi."

Jirani wa ukuta wa pili naye akatia lake, mafundi wakauma taulo wasisikike wakicheka, na wewe huko juu ukakunja vidole vyote kumi ukavikunjua tena. Kadi haikupita hata moja. Hata ya Mzee Ranzo mwenyewe. Simu za kituo zililia jioni nzima, watazamaji wanasifu, watu wa Osaka wakasema haujapata kuchezwa mchezo kama ule.

Ukashuka. Ukaokota gimbi moja kwenye sufuria, ukatafuna, ukanitazama.

"Toyono, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mkono uliteleza?"

Kinywa nilikuwa nacho, Baba Chie. Watu walikuwa wameondoka, tumebaki wawili na jiko. Nikasema, "Uliteleza."

Asubuhi yake mwenye kiwanda cha mchuzi alipiga simu kwa hasira: watu wataona mchuzi wake ndio wenye chumvi! Ukavaa suti, ukanunua keki za maharage, ukaenda kuinama mbele yake mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mwenye kiwanda akauliza nani alipika. Ukamwambia ni wewe uliyekosea. Hilo nililisikia kwa Tokuda, si kwako. Nilikushukuru na papo hapo nikakukasirikia, maana hata kosa langu lilipita bila jina langu.

Mwaka 1965 kituo kikajenga studio zake na kuajiri watu wake. Wakatuandikia barua nzuri ya shukrani, bahasha nene. Kampuni ikafungwa, magodoro yakarudi sakafuni. Vile vipindi vya miaka ya mwisho vilivyonaswa kwenye mikanda, vilifutwa, mikanda ikarekodiwa mambo mengine. Walikuuliza kwanza. Ukawaambia wafute. Nikasema, "Vyote?" Ukasema, "Kipindi ni kama chakula, Toyono. Kikishaliwa kimeliwa."

Wewe ulijua nini kuhusu chakula? Mtu aliyekula wali baridi amesimama!

Baada ya hapo uliuza vioo vya madirisha miaka ishirini na sita na hukulalamika, lakini saa ilibaki shingoni. Na siku ile ya mwisho hospitalini, sauti imekwisha, ulinyanyua mkono ukaanza kukunja vidole. Tano. Nne. Tatu. Muuguzi aliona unaomba maji. Mimi nilijua unahesabu, ila sikujua unanihesabia niingie au unahesabia kutoka. Vidole viwili vikabaki wima. Mpaka leo natazama vile viwili.

Mwezi Mei ikaja simu. Bi Nishiwaki, binti mpole kutoka jumba linalohifadhi vipindi vya zamani. Kwenye stoo ya kile kiwanda cha mchuzi wamekuta gurudumu moja la filamu: mwaka 1963 mdhamini aliagiza kipindi kimoja kipigwe picha kutoka kwenye kioo cha televisheni, apate kuwaonyesha wafanyakazi. Vipindi mia tatu na vinne, kimesalia kimoja. Tena wanaandika orodha ya watu wa kwanza wa televisheni hapa Osaka, kila mtu na kazi yake, iwekwe ukutani na kitabuni. Je, Bibi angependa kuja kutazama?

Nilikwenda na mwanetu Chie. Nilivaa kimono ya kijivu. Nilijitengeneza nywele njia nzima kama msichana anayekwenda kuposwa.

Bi Nishiwaki alivaa glavu nyeupe, akazima taa. Na tukatokea. Ukuta wa karatasi, Mzee Ranzo, Bi Hatsue, wote vijana, na tuliwaona wazee wakati ule. Kisha meza. Kisha mvuke wangu. Baba Chie, mvuke ule ulipanda vizuri sana. Chie alinishika mkono akasema, "Mama, nasikia mpaka harufu." Mzee Ranzo akatafuna. Nikajikuta nanong'ona, "Meza, baba, meza!"

Kadi zikaanza. Mwandiko wangu. Moja, mbili, tatu, mpaka ya saba. Ya nane, Mawigi, Tokuda, ikakaa sekunde nne nzima. Nilihesabu. Sekunde nne za mawigi, na kipindi kile hakuna hata mmoja aliyevaa wigi! Kisha ukingo wa kadi ya tisa ukachomoza chini, nikaona ncha ya mstari wa kwanza wa jina langu, nyeupe, ndogo kama punje ya mchele. Ikaingia chupa.

Bi Nishiwaki akawasha taa. "Bibi, kuna kadi nyingine pale mwisho. Alikuwa nani?"

Nikasema, "Mpishi."

"Jina lake mnalikumbuka? Tukipata mtu wa kutuhakikishia tutaliandika. Kama hakuna, tutaacha wazi. Orodha tunaifunga mwisho wa Februari."

Na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilijisikia nikisema, "Ah, ni zamani sana. Msijisumbue."

Chie hakujua kitu, alikuwa anakunja shali yangu. Kwenye treni nilijiuma ulimi mpaka ukauma kweli. Miaka yote nilikuwa nakulaumu wewe na Tokuda na ngisi, na mtu kanikabidhi nafasi mkononi, tena kwa glavu nyeupe, nikamrudishia.

Miezi minane nimekaa na jambo hilo. Nimekuwekea wali kila asubuhi nikiwa nimenuna, pengine uliona.

Jumapili iliyopita tulikusomea sala za mwaka. Mtawa alisoma dakika kumi na tisa. Saa yako nilikuwa nayo mimi, nilibonyeza. Tulipokaa kula, Chie akatoa karatasi ya tangazo hili alilokuwa ameliandika yeye, akasoma kwa sauti: "Wanaokukumbuka ni watoto wako Chie na Masato, wajukuu wako Kanae na Yuji, marafiki wa zamani Bi Hatsue na Bwana Tokuda, na mkeo."

Nikaweka vijiti chini.

"Soma tena pale mwisho."

"Na mkeo."

"Hana jina?"

"Mama, si ndivyo inavyoandikwa? Wa nyumbani mwisho. Watu watajua ni wewe."

"Hawatajua," nikasema. "Hawakujua mara mia tatu na nne. Nataka jina langu, Chie. Lote. Na liwe la kwanza."

Tokuda, aliyekuja na fimbo yake, miaka tisini na mmoja, akaweka kikombe chini. "Dada Toyono, kumbe lilikuwa linakukera?"

"Sekunde nne, Tokuda! Na kichwani mwa waigizaji hakuna wigi!"

Chie akawa analia na kucheka. "Miaka yote hiyo, si ungesema tu?"

"Ndiyo nasema."

Tangazo nikalichukua, nikaliandika upya mimi mwenyewe, ndilo hili. Na jana Jumatatu nilipiga simu bila kumtuma mtu. Bi Nishiwaki alipopokea nilikuwa nimesimama, mgongo wima, kama niko mbele ya mwalimu. Nikamwambia, "Mwanangu, ile kadi ya tisa. Mpishi ni mimi. Naitwa Kitabata Toyono. Nilidanganya niliposema msijisumbue. Nataka mjisumbue."

Akanisomea jina langu herufi kwa herufi, akaliandika. Ilichukua sekunde sita. Nilipima.

Wanaokukumbuka, Baba Chie, kwa mpango nilioutaka mimi:

Chakula, Kitabata Toyono.
Watoto wako, Chie na Masato.
Wajukuu wako, Kanae na Yuji.
Bi Hatsue, ambaye bado hakubali kushindwa kwa maneno.
Mawigi, Tokuda.

Tutakukumbuka siku zote, muda ubaki, usibaki.